Fundi Hsouna na Trekta la Haji Tijani Lililogoma Asubuhi

Ndugu, jamaa na majirani mliojaa uani hapa, kabla hatujambeba marehemu kwenda makaburini, familia inawaomba utulivu, wazee wapishwe viti, ili msomewe maisha yake kama alivyoyaishi.

Marehemu Hsouna, mtoto wa tatu wa Bwana Amara Wislati na Bibi Khmisa, alizaliwa tarehe 11 Machi 1955 hapa hapa Henshir Safa, wilaya ya Beja, siku ya mvua kubwa ambayo mkunga aliletwa kwa punda, na kwa maelezo ya shangazi yake, mtoto alilia kwa sauti iliyomkimbiza punda huyo, mkunga akarudi kwake kwa miguu.

Alisoma shule ya msingi ya kijiji kuanzia Oktoba 1961 hadi Juni 1967, akafaulu hesabu, akafeli kuimba, akamsaidia baba yake shambani miaka mitatu, kisha mwaka 1970 akajiunga na chuo cha ufundi mjini Beja, akatunukiwa cheti cha mitambo ya kilimo tarehe 30 Juni 1973, cheti ambacho mama yake alikitundika juu kuliko picha ya harusi yake mwenyewe.

Tarehe 3 Septemba mwaka huo aliajiriwa kuwa fundi msaidizi katika karakana ya ushirika, chini ya Fundi Mkuu Belgasem, mtu hodari, mwenye masharubu yaliyofika kazini kabla yake, na akakaa miaka sita bila kupanda cheo, mpaka likazuka jambo la trekta la Haji Tijani, ambalo familia inaona ni haki kulieleza kwa kirefu, kwa kuwa ndilo lililompa marehemu jina.

Ilikuwa Desemba 1979, msimu wa kupanda ngano, trekta lile lenye umri wa miaka ishirini na mbili likakataa kunyanyua plau, gia zikawa ngumu kuingia, na Fundi Mkuu, aliyelikagua siku tatu mfululizo saa moja asubuhi na kuondoka saa mbili, akaandika kwamba pampu ya haidroliki imekufa na giaboksi imekwisha, hata Haji akaanza kupatana na mnunuzi wa vyuma chakavu, huku hekta kumi na nane hazijapandwa, na watu kumi na mmoja wa nyumba ile wakiitegemea ngano hiyo kwa mwaka mzima.

Hsouna, aliyekuwa amemsikia dereva akisema kwamba mchana plau hunyanyuka, alisema mbele ya karakana nzima, "Mkuu, pampu iliyokufa haifufuki wakati wa chakula," na Belgasem akamjibu, "Haya, bwana mdogo, keshokutwa saa moja asubuhi likinyanyua, benchi langu ni lako, lisiponyanyua, kachunge kondoo wa baba yako."

Kesho yake alfajiri marehemu alikaa kando ya trekta lile na mkate na saa ya kuazima, akafungua chujio, akakuta kitu kizito kama samli iliyoganda, akakitia kwenye glasi na kuiweka juani, akarudisha chujio, akawasha trekta, akasikiliza pampu ikipiga kelele za kufyonza hewa, na saa tano na dakika kumi mikono ya plau ikaanza kupanda polepole, wakati ule ule ambao kile kilichokuwa kwenye glasi kiliyeyuka, ndipo akakinusa, akachovya kidole, akaonja, akamgeukia Haji aliyesimama karibu, akasema, "Haji, niwie radhi, haya ni mafuta ya zeituni, na ni ya mizeituni yako ya mlimani."

Haji alitazama viatu vyake, akasema, "Tena ya kwanza kukamuliwa. Dukani mafuta ya mashine yalikwisha, nikalitilia trekta mafuta ninayokula na wanangu. Ulitaka nilitilie nini zaidi?"

"Mchana linayafurahia, Haji," marehemu alimwambia, "ila kwa baridi ya asubuhi yanaganda, yanaziba chujio, pampu inakosa cha kunywa, na gia zinakoroga uji."

Waliyamwaga yote, wakasafisha matumbo ya trekta kwa dizeli, madereva wa malori waliopita barabarani wakabadilishana na Haji, lita kwa lita, mafuta ya mashine kwa ya zeituni, na siku iliyofuata saa moja asubuhi, umande umeganda majanini, plau lilinyanyuka mara moja mbele ya Belgasem, ambaye alivua kofia, akasema, "Miaka thelathini kazini, sijawahi kuonja trekta," akaondoa spana zake kwenye benchi.

Tarehe 22 Agosti 1981 marehemu alimwoa Dalenda, binti wa Haji, ingawa kaka zake walimcheka kwamba anaolewa na mla vilainishi, naye akawajibu, "Bora anayeonja kabla ya kusema," na wakajaliwa watoto watatu, Najla mwaka 1983, Rafik mwaka 1986, ambaye ni mwalimu na hajui spana lakini anapendwa vilevile, na Ons mwaka 1990.

Mwaka 1988 alifungua karakana yake barabara ya Beja, akafundisha mafundi kumi na wanne, na mwaka 2016 maradhi ya kutetemeka yalipomnyang'anya mikono, alikaa kitini akimwuliza Najla, aliyeshika spana badala yake, maswali mpaka trekta likapona, hadi homa ya mapafu ilipomchukua jana, tarehe 9 Januari 2024, saa nne asubuhi, nyumbani kwake.

Nanyi mmeona wenyewe leo, trekta lililoleta wageni kutoka Testour lilipokwama langoni na kuziba njia, mafundi saba aliowafundisha wakainuka pamoja, huyu anasema giaboksi, yule anasema pampu, mpaka Najla akatoka na macho yake mekundu, akawauliza, "Kaka zangu, nani amemwuliza dereva tatizo limeanza lini?" na dereva, aliyekuwa amesimama pale pale bila kuulizwa na mtu, akasema tangu avuke mto, basi wakaiacha klachi iliyolowa ikauke, robo saa, na likaondoka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza miaka minane, majirani mliopika kuskusi ili jiko letu lipumzike, wanafunzi wake, na watoto wa marehemu Fundi Mkuu Belgasem, waliofika wa kwanza.

Pumzika kwa amani, Fundi Hsouna, nasi tutauliza kwanza.