Kuni za Zamu ya Chepe

Kijiwe chenyewe kilikuwa benchi moja refu nje ya duka la kinyozi, mafiga matatu na birika jeusi. Sheria ilikuwa moja: kila siku mmoja analeta kuni, na mwenye zamu anakunywa kahawa bure. Siku hiyo zamu ilikuwa ya Chepe, mchimba mitaro, na kuni zake ziliwaacha watu midomo wazi. Vipande vichache tu, vizito kama chuma, na birika lilichemka tangu asubuhi bila moshi kumchoma mtu macho. Mwisho wa benchi paliachwa nafasi ya Fundi Randa, seremala, aliyekuwa kitandani na kiharusi tangu masika. Chepe alikaa mbali na nafasi hiyo, kimya, yeye ambaye siku zote mdomo wake hauna mlango.

— Chepe, hizi kuni umezitoa wapi? aliuliza Spana, fundi baiskeli.

— Huko.

— Huko wapi?

— Huko huko, bwana. Kunywa kahawa.

Kinyozi, ambaye wote walimwita Profesa, alikohoa kidogo kama mtu anayeanza somo.

— Huo mti ulipigwa na radi. Radi ikishaingia kwenye mti haitoki. Ndiyo hiyo mnayoiona inawaka.

— Radi gani? Hayo ni mataruma ya reli!

— Taruma linatoa mafuta? Hamkuona ncha ilivyolipuka? Huo mti una wenyewe, Spana. Majini! Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

— Sasa methali imeingiaje hapo?

— Moto si umetoka ndani ya mti wenyewe? Tena mkaa wake ukiulalia, unaota hazina ilikozikwa.

Watu walicheka. Chepe hakucheka, maana ile methali iliyokosea njia ilikuwa imefika kwake.

Alijua yale hayakuwa mafuta. Ilikuwa nta. Fundi Randa aliipaka ncha zote mbili za gogo lililotoa kuni hizi ili likauke polepole, lisipasuke. Alilifunika magunia nyuma ya karakana, na kila mwaka alikuwa akiligonga kwa kifundo cha kidole, akisikiliza, akisema bado. Chepe aliishi naye ukuta kwa ukuta, ameyaona yote hayo. Lakini mvua ililowesha kuni zake, zamu ikafika, akajisemea: mgonjwa yule ndiyo basi tena, gogo la kazi gani? Shoka likadunda. Akachukua msumeno uliotundikwa ukutani, wa Fundi huyo huyo. Aibu ilimpanda pale pale, akaimeza. Sasa kahawa ya bure ilikuwa ikipoa mkononi mwake.

Binti wa Fundi Randa akatokea kwenye kona, anahema, anacheka huku machozi yanamtoka.

— Shikamooni!

— Marahaba, mwanetu. Baba vipi?

— Ameinua mkono! Ule ule uliokufa! Na amesema neno, tumelisikia wote.

Benchi zima lilisimama.

— Mungu mkubwa! Kasema nini?

— Amesema gogo. Lile analolitunza anichongee kitanda cha harusi. Anataka aletewe, aliguse tu. Nimepekua uani kote silioni, nikasema nimuulize baba mdogo, yeye ndiye jirani.

Spana alitazama jiko. Kando yake kilibaki kipande kimoja, nta bado imeng'ang'ania nchani. Aliweka kikombe chini taratibu. Chepe alitamani ardhi ipasuke immeze. Rafiki yake alikuwa anainua mkono, naye alikuwa ameshamzika.

— Baba mdogo, binti alimwambia Chepe, baba ananisubiri. Nikamwambie nini?

Birika liliendelea kuchemka.