Historia ya Dada Yetu, Fundi wa Pedali Zisizofanana

Ndugu, jamaa, majirani, nanyi mliokuja kwa baiskeli mkaziegemeza ukutani hapo nje, familia imenituma mimi mdogo wake niwasomee habari za maisha ya dada yetu, na kabla sijaanza nawaomba mwache kumkodolea macho shemeji yangu, najua mmeona mguu wake wa kulia una kiatu kinachogonga sakafu na wa kushoto una raba, hajachanganyikiwa kwa msiba, sababu ipo na nitaifikia.

Dada alizaliwa tarehe 9 Mei 1958, katika chumba cha nyuma cha duka la vyuma la baba, akiwa binti wa kwanza, na mama alizoea kusema kwamba mtoto huyo alijifunza kutambaa kwa kuifuata misumari. Alianza shule ya msingi mwaka 1965, akamaliza sekondari mwaka 1975, kisha akajiunga na chuo cha ufundi, msichana pekee katika darasa la mitambo, ambako siku ya kwanza alipewa ufagio, akafagia, akaurudisha, akaomba spana. Alihitimu Desemba 1979, na mwezi uliofuata akaajiriwa katika karakana ya baiskeli nyuma ya kituo cha zimamoto, ambayo mwenye karakana alipostaafu mwaka 1992 alimwachia.

Mumewe alimpata humo humo karakanani, akiwa mwoka mikate kijana aliyeingia na baiskeli begani, kwa kuwa alikuwa amejaribu kubadilisha pedali mwenyewe, akaikaza ya kushoto kama anavyokaza ya kulia, asijue kwamba ya kushoto hukazwa kinyume, akayala meno yote ya skrubu. Dada alimgombeza mpaka wateja wakamhurumia, na wiki iliyofuata kijana akarudi na baiskeli isiyo na tatizo lolote na mkate wa moto. Walifunga ndoa tarehe 6 Septemba 1986, wakajaliwa binti mmoja, aliyezaliwa tarehe 21 Juni 1989.

Kila Jumamosi wawili hao walipanda mlima ulio nyuma ya mji, na amani ilikuwepo mpaka mwaka 1995, dada alipofunga pedali za kunasa, zile ambazo kiatu chake kina kipande cha chuma chini ya soli, kinaingia kwenye pedali na kushikwa, na ili utoke unazungusha kisigino kwa nje. Tangu hapo alitaka sote tunaswe kama yeye, maana mguu ulioshikwa haurukiruki kwenye mawe, lakini shemeji alikataa katakata, akabaki na pedali zake bapa, akisema anataka kuweka mguu chini muda wowote bila kuomba ruhusa. Dada alimwambia pedali bapa ni za kwendea kununua mkate, naye akajibu kwamba huo mkate anauoka yeye. Wanafunzi wa dada, aliokuwa akiwafundisha kupanda mlima kwa baiskeli, walikuwa wakifika getini, wanasahau kwamba wamenaswa, wanasimama, kisha wanaanguka ubavu pamoja na baiskeli kama gunia, naye anawapigia kelele, "Toa mguu kwanza, ndipo usimame!"

Tarehe 3 Februari 2014, akiwa kazini, dada alipata kiharusi, akalazwa hospitali, akarudi nyumbani na ulimi wake ule ule mkali, ila mguu wa kushoto ukawa kama wa kuazima. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alipomruhusu kupanda baiskeli, alijaribu pedali bapa, mguu mgonjwa ukateleza kwenye kila shimo, akajaribu za kunasa, akashindwa kuitoa miguu kwa wakati, akaanguka. Hapo aliamuru baiskeli itundikwe ukutani, akamwambia binti yake atafute wa kuinunua karakana, kwa sababu hawezi kufundisha watu mlima asioupanda. Niwe mkweli, siku ile nililia kuliko nilivyolia juzi.

Alasiri moja, dada akiwa amelala, shemeji aliishusha baiskeli, akaiacha pedali ya kunasa upande wa kushoto, akalegeza springi yake hadi mwisho, ili mguu mgonjwa ushikwe bila kufungwa, na upande wa kulia akafunga pedali yake bapa kuukuu, ili mguu mzima uwahi chini. Dada alipoamka alisema hiyo si baiskeli, ni ugomvi wa baiskeli mbili. Ndipo shemeji akatoa ya kwake, aliyoifunga pedali zilizobaki, bapa kushoto na ya kunasa kulia, akazunguka uani kwa madaha, akasimama mbele ya mkewe, akainamia kulia kama alivyozoea, na mbele ya majirani wote akaanguka ubavu, mguu bado umenaswa. Dada alicheka mpaka akashika ukuta, akafoka, "Toa mguu kwanza!", akafuta machozi, kisha akaomba viatu vyake.

Tarehe 18 Oktoba mwaka huo walifika kileleni, yeye na mumewe na binti yao, na karakana haikuuzwa. Yule mtaalamu alianza kumletea wagonjwa wake, dada akawapima kila mmoja, mguu upi ushikwe na upi uachwe huru, na ndiyo maana leo humu ndani shemeji si peke yake mwenye viatu visivyofanana.

Mwaka huu moyo wake ulichoka, akafariki tarehe 11 Novemba 2024, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe. Aliagiza baiskeli yake isitundikwe tena, apewe dereva wa lori aliyeketi pale nyuma, ambaye mguu wake wa kushoto nao umelegea, na Jumamosi ijayo binti yetu atampandisha mlima.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mtaalamu wa mazoezi, majirani mliomwinua shemeji uani, wenzake wa tanuri la mikate, na wateja wote mliovumilia kugombezwa.

Dada, mlima umekwisha, mguu umeutoa kwa wakati, sasa uweke chini, upumzike kwa amani.