Mtoto wa Triko ya Manjano

Kijiwe chetu cha Majengo kina benchi moja tu, nayo ni chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, iliyong'oka gurudumu, tumeilaza juu ya mawe meusi ya volkano. Tunashinda hapo na kahawa ya tangawizi ya Mama Léonie tangu watu waanze kushuka kutoka Kibumba na magodoro kichwani, wakikimbia vita, kazi zikafa. Wiki hii hatuna habari nyingine ila picha. Benny, dereva wa pikipiki, aliipiga barabarani siku ile ya kukimbia: mtoto wa miaka kama minne, sweta ya manjano, sisi husema triko, analia. Gauthier, tunayemwita Forfait kwa sababu megabaiti haziishi kwenye simu yake, akaiweka mtandaoni na maneno "Huyu mtoto arudi kwao." Sasa dunia nzima inaituma. Mtoto mwenyewe hajulikani aliko.

— Muone! Forfait alituinulia simu. Bruxelles batu banatembea mu barabara na bitambaa bya manjano. Juu ya foto yangu!

— Foto yako? Benny alikasirika. Nani alipiga? Masasi ya bunduki inalia nyuma, nabeba batu wawili, nikapiga na mukono moja!

— Ulipigaka barabara muzima, ndugu yangu. Batu, mbuzi, bidon ya mayi. Nani atalia juu ya bidon? Mi njo nilikata ile yote, mutoto akabakia yeye peke. Peke yake njo inauma batu.

— Ile ni kweli, Benny alikubali shingo upande.

Hapo akaingilia Wenceslas. Huyu tunamwita Satellite, maana kwake kila kitu kinaonekana toka juu.

— Bazungu banajua fasi mutoto iko. Mashine yabo ya mbinguni inaona mpaka kifungo ya shati. Bananyamaza tu.

— Banangojea nini, Papa Satellite? Mama Léonie aliuliza, anasuza vikombe.

— Foto itumwe mara million. Ikifika million, sheria inabalazimisha. Bita inasimama.

— Na ikibakia moja?

— Utatuma weye, mama.

— Mi niko na simu ya kubonyeza.

— Njo maana bita haiishe! alisema Satellite, na hakuwa anatania.

Forfait akachukua mwendo. Million mbili, alisema, barabara ya Rutshuru inafunguliwa. Million tatu, kambi zote zinabomolewa, kila mtu anarudi kwenye shamba lake na kukuta maharagwe yameiva.

— Nani aliyapanda? nikauliza.

— Weye unapenda kuvunja batu moyo.

— Mubadilishe bote foto ya profil, Satellite aliendelea. Mutie rangi ya manjano. Drone ikipita juu ya Majengo, inaona simu za manjano, inajua: aba ni raia. Haitupe bombe.

Zamani tungecheka mpaka kahawa imwagike. Mzinga ulilia upande wa Kibumba, mmoja, halafu mwingine, na nikamwona Benny anatoa simu yake kubadilisha picha. Nilimhurumia. Nilijihurumia na mimi, maana yangu ilikuwa ya manjano tangu Jumapili.

Ndipo akafika mwanamke mwenye vumbi mpaka kwenye nyusi, kitenge amekifunga kiunoni kwa kamba. Alisimama mbali kidogo na benchi.

— Bapapa, jambo. Bananiambia batu ya foto banakaaka hapa.

— Njo sisi, mama! Forfait akaruka. Unakuya kutusaidia? Ongea kidogo, nikufilme.

— Naitwa Donatille. Uyu mutoto ni wangu. Ni Jeancy. Triko niliifuma na mikono yangu.

Tulisimama wote. Forfait machozi yalimtoka, na kwa machozi hayo hayo akainua kamera. Benny akamshusha mkono.

— Leta, mama aone.

Donatille alishika simu. Uso wa mtoto aliutazama kidogo tu, kidole chake kikaenda pembeni ya picha.

— Iyi mukono ni ya nani?

Tukainama. Picha hiyo tulikuwa tumeitazama asubuhi na jioni, tukabishana juu yake, tukaitetea. Pembeni kabisa, pale Forfait alipokata, vidole vinne vya mtu mzima vilikuwa vimeshika mkono wa mtoto.

— Batu balikuwa mingi, mama, Benny alisema polepole.

— Mwanamuke ao mwanaume?

— Sikumbuke.

— Basi munionyeshe foto ile muzima.

Benny alimtazama Forfait. Forfait alikuwa amebaki na ile aliyoikata tu. Ile nzima ilikuwa kwenye simu ya Benny, na Benny alikuwa ameifuta video za Bruxelles zilipokosa nafasi. Alimwambia mama hivyo, uso chini. Satellite alitazama juu mbinguni.

Mama Léonie akainamisha termosi juu ya kikombe kisafi. Yalitoka matone tu.

— Kama ni mwanamuke, atamupa chakula, Donatille alisema. Muniambie tu kama ni mwanamuke.

Simu ilitetemeka mkononi mwake, watu wengine wameituma ile picha. Hakuitazama. Kidole chake kilikuwa bado juu ya vile vidole vinne, na sisi tulikuwa bado tumesimama.