Kibofu cha Bosi

Nje ya kibanda cha Kinyozi kuna benchi la mbao lenye wenyewe. Spana, fundi magari, hukaa upande wa jua akidai mgongo wake unataka joto. Mzee Redio, mlinzi mstaafu, hukaa karibu na birika la kahawa, kwa sababu anazozijua mwenyewe. Asubuhi hiyo Kinyozi hakuwa hata amewasha mashine. Bintiye wa miaka tisa, ambaye mtaa mzima humwita Bosi, alikuwa amejikojolea tena darasani, mchana kweupe. Baba mtu akaamua: abaki nyumbani mpaka apone. Mtoto alilia kutaka kwenda shule, na kilio hicho kilikuwa bado kinamuuma Kinyozi.

— Usimfungie mtoto, bwana, alisema Spana. Hukusikia alivyofanya jana? Kainuka, kaomba tambara, kafuta dawati mwenyewe, kafunga sweta kiunoni, halafu huyoo ubaoni kumaliza hesabu yake!

— Nimesikia.

— Miaka tisa! Mimi suruali ikipasuka tu gereji, naaga naenda nyumbani.

— Yule simba, alisema Mzee Redio akijimiminia kahawa. Ningekuwa mimi, ningehama mtaa.

Kinyozi alitabasamu bila kutaka. Alimwonea fahari mwanawe.

— Sasa simba huyo anavuja kwa nini?

— Hiyo ni washa, kile kimpira cha ndani ya bomba, alisema Spana. Bomba likivuja, jua washa imelika.

— Mwanangu si bomba!

— Haba na haba hujaza kibaba, ndugu yangu. Na kibaba kikishajaa...

— Hebu tuondolee gereji yako hapa, alidakia Mzee Redio. Hesabu ndizo zinazomponza. Kichwa kikijaa desimali, maji hukosa pa kukaa, yanashuka.

— Mbona usiku analala mkavu?

— Usiku kuna hesabu? Halafu kuna ile kengele ya shule. Chuma kile kikigongwa, kibofu lazima kitetemeke. Subira huvuta heri: mkalishe nyumbani mwaka mzima, mbali na kengele.

Mama mmoja aliyehamia mtaani juzijuzi, aliyekuja kunyolewa, alikuwa amesimama muda wote akiwasikiliza.

— Samahani, kaka zangu. Choo cha wasichana pale shuleni kina mlango?

Kinyozi alimtazama Spana, Spana akamtazama Mzee Redio. Wote watatu ni wajumbe wa kamati ya shule. Walibishana kikao kizima geti lipakwe buluu au kijani, likapakwa, likapendeza kweli. Kule nyuma ya madarasa, kwenye vyoo, hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika.

— Geti tulipaka, alisema Spana kwa sauti ndogo.

— Sikuuliza geti, kaka yangu.

Mzee Redio aliinua kikombe, akakirudisha bila kunywa. Kinyozi alimwona mwanawe akilini, amebana mkojo darasani tangu asubuhi, hasemi kitu, na bado ananyoosha mkono kujibu maswali. Aibu ilimshika, na ile fahari ikazidi. Alivua aproni, akavuka barabara mpaka nyumbani kwake, akagonga dirisha la chumba cha mtoto.

— Vaa sare, mama. Nipeleke shule, ukanionyeshe choo chenu.