Dada Yetu na Majibu Ambayo Hakuyasoma

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake wa mwisho, familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu, na sauti ikinikatika mnivumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkunga, akaanza shule mwaka 1968, na kwa maswali yake yasiyokwisha walimu wakambandika jina la Kwanini. Alihitimu udaktari mwaka 1987, akaajiriwa chuo kikuu kutafiti dawa za figo, na tarehe 14 Aprili 1990 akafunga ndoa na shemeji yetu, mfamasia, wakajaliwa mabinti wawili.

Kwa miaka mingi alihangaika na dawa moja, akiilea kama mtoto wa tatu. Mwaka 2009, ilipofikia kujaribiwa kwa wagonjwa, shemeji, kwa jinsi alivyomwamini mkewe, alinunua hisa katika kampuni iliyoitengeneza, akamaliza akiba yao yote na kukopa juu yake, bila kumwambia. Dada alipojua, alikwenda mwenyewe kwenye kamati ya chuo inayosimamia mgongano wa maslahi, akaeleza kila kitu, nayo ikaamua asichague wagonjwa wala asiguse majibu, kazi yote apewe mwenzake. Siku hiyo alirudi nyumbani, akajifungia chumbani, akalia.

Mwaka 2012 majibu yalitoka, dawa haikusaidia kitu, kampuni ikafungwa, nyumba yao ikauzwa kulipa deni, wakahamia vyumba viwili nyuma ya duka la dawa. Nikiwasaidia kupanga vyombo, nilimsikia shemeji akisema, "Mama watoto, ungeyasoma wewe yale majibu, pengine ungeona kitu."

Dada akamjibu taratibu, "Ningeona, baba watoto, hata kisichokuwepo. Ndiyo maana sikuyasoma."

Aliendelea kufundisha hadi alipostaafu mwaka 2021. Januari 2023 aligundulika na saratani ya kongosho, na alfajiri ya tarehe 2 Juni akatutoka, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani waliotupikia, na wenzake wa chuo, hasa aliyeikamilisha kazi yake akatoa majibu ya kweli bila kumwonea haya.

Shemeji ameniomba niseme hili kwa niaba yake, kwamba katika vile vyumba viwili, mkewe hakumlaumu hata mara moja.

Lala salama, dada.