Bastola, Risasi na Kipaza Sauti Kimoja

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutusitiri, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya ndugu yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bastola, na ambaye asingenisamehe kama ningepitisha muda.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1946, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu wa fundi wa mabehewa, akasoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya njia ya treni, kisha shule ya bweni ya wavulana, na mwaka 1967 akaingia chuo kikuu, ambako alipangiwa chumba kimoja na mwanariadha mrefu aliyeitwa Risasi. Marehemu naye alikimbia hadi goti lilipomkataa, mkufunzi akamkabidhi bastola ya kuanzishia mbio, na hapo ndipo lilipotoka jina lake, wenzao wakisema kwamba ukimkosa mmoja wa hao wawili, mwingine hana kazi.

Tarehe 6 Desemba 1969, katika fainali ya mita mia, Risasi alichomoka kabla ya mlio, akaonywa, akachomoka tena, na marehemu akamtoa uwanjani mbele ya wazazi wake waliokuja kumshangilia. Jioni ile ile Risasi alihama chumba, wala hakumjulia hali tena.

Mwaka 1971 marehemu aliajiriwa na chama cha riadha, akapanda kutoka karani wa mashindano hadi katibu mkuu, akastaafu mwaka 2006, na katika muda wote huo hakuna kijana aliyepewa nafasi ya kukimbia kwa sababu ya ukoo wake, jambo lililompatia marehemu maadui wengi na usingizi mzuri.

Tarehe 22 Julai 1972 alimwoa mwalimu wa hesabu, mjane wetu aliyeketi hapa mbele, ambaye ni mdogo wake Risasi, kwa maana moyo hauulizi ukoo. Kaka mtu alituma baraka kupitia kwa mjomba wao, lakini mwenyewe hakuonekana harusini, na kwa miaka yote iliyofuata, alipokuja kumwona dada yake, alipiga honi getini, dada akatoka, wakazungumza garini, hata watoto wao watatu wakakua wakidhani kwamba wajomba huishi ndani ya magari.

Mwaka 2013 marehemu alifanyiwa upasuaji wa koo, sauti ikabaki ya kukwaruza, na chuo kilipomwalika kuzungumza katika hafla ya wahitimu wa zamani, mkewe alimsihi akatae, kwani aliogopa kumwona akiaibika, na zaidi aliogopa aibu hiyo itokee mbele ya kaka yake, ambaye naye alikuwa amealikwa. Marehemu alikwenda. Tarehe 9 Novemba, ukumbini, alifika sentensi ya tatu, sauti ikakatika kabisa, watu wakaanza kutazama sahani zao, na mkewe hakujua ashike wapi. Ndipo kiti kikasogea kule nyuma, Risasi akapita katikati ya meza akichechemea, akasimama ubavuni mwa marehemu, akamtegea sikio, na kila alichonong'onezwa akakisema kwenye kipaza sauti, habari za viwanja, za waamuzi, za vijana wanaoonewa, hadi aliponong'onezwa kitu akamtazama marehemu usoni, kisha akakisema nacho: kwamba mkimbiaji mwenye kasi kuliko wote ambao marehemu aliwahi kuwaona ni yule ambaye yeye mwenyewe alimtoa uwanjani, kwamba uamuzi ule ulikuwa wa haki, ila jioni ile alipaswa kumzuia asihame. Halafu akaongeza la kwake, "Na mimi nasema nilitoka mapema, shemeji. Mara zote mbili." Mzee mmoja wa meza ya mbele akapaza sauti, "Miaka arobaini na minne kumaliza mita mia! Unajiita Risasi?" na ukumbi mzima ukavunjika mbavu.

Jumapili iliyofuata honi haikulia. Risasi aliingia hadi sebuleni, akauliza choo kiko upande gani, na dada yake akacheka huku machozi yakimtoka.

Ugonjwa wa koo ulirudi mwezi Aprili, na marehemu alifariki tarehe 2 Mei 2014, alfajiri, hospitalini, ambako shemeji yake alikuwa sauti yake kwa madaktari, hata akimwongezea malalamiko ambayo hakuyatoa.

Tunamshukuru daktari wa koo na wauguzi wa wodi yake, majirani mliotuletea viti na maji, na wenzake wa chama cha riadha. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, na shemeji mmoja.

Pumzika kwa amani, Bastola, sote tumo ndani, getini hakuna aliyebaki.