Picha Kando ya Kamera

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, fundi wa chumba chetu cha kompyuta, tuliyemzoea kwa jina la Mzee Waya, anastaafu rasmi leo Ijumaa, tarehe 29 Novemba. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake kwa kuwa darasa langu la jiografia linapakana na chumba chake. Niliambiwa niandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi.

Alianza kwa kutengeneza redio za shule. Kompyuta kumi za kwanza zilipoletwa, alizifunika kwa mashuka kutoka nyumbani kwake, hadi mkewe akaja mwenyewe kuyaulizia. Alipoona jinsi zilivyofunikwa vizuri kuliko watoto wake, alicheka na kurudi mikono mitupu. Ufunguo wa chumba kile Mzee Waya hakumwachia mtu. Hata mkuu wa shule alibisha hodi.

Lakini zaidi tutamkumbuka kwa kipindi cha Alhamisi, saa nne asubuhi, ambapo wanafunzi wetu huonana kwenye skrini na wenzao wa shule moja ya ng'ambo. Mwanzoni kipindi hicho kilikuwa balaa tupu. Watoto wetu walinung'unika kwamba wale wenzao wanaringa, hawamtazami mtu usoni. Kumbe watoto wa kule nao walituteta kwa kosa hilohilo. Mzee Waya akapanda juu ya stuli, akagundua kwamba kamera ipo juu ya kabati, ilhali watoto wanatazama skrini iliyo chini. Akaomba picha ya mwalimu wa kule, mama wa makamo mwenye miwani, akaibandika kando ya kamera ili watoto waielekezee macho.

Hapo ndipo alipoharibu. Kule, mtoto anayemkazia mwalimu macho huonekana hana adabu, na siku ile darasa zima lilimkazia macho yule mama. Akakata mawasiliano. Wiki sita kimya. Mzee Waya alikonda. Aliandika barua ya kuomba radhi kwa mkono, akairarua, akaandika nyingine, mara nne; najua kwa sababu alikuwa akiniletea nimsomee. Mwishowe wakakubaliana: watoto kwa watoto watazamane, ila mkubwa akizungumza, pande zote mbili ziinamishe macho. Mpango huo umedumu miaka kumi na tisa.

Yule mama alifariki mwaka jana. Wanafunzi wake wameendelea kufungua kipindi wenyewe, na kila Mzee Waya anapotokea husimama na kuinamisha macho. Aliwahi kuniambia kwamba heshima hiyo hajaipata hata kwetu.

Mwezi uliopita kamati yetu ya shule iliamua chumba kile kiwe stoo, na badala ya kipindi cha Alhamisi kila mwanafunzi atazame masomo yaliyorekodiwa, peke yake, kwenye tableti. Tulipiga kura kwa kunyoosha mikono. Saba tulikubali, mmoja akakataa, na huyo mmoja ni yeye. Nimesema tulikubali. Nilikuwa nimechoshwa na kelele za nyuma ya ukuta, na nilitaka kikao kiishe nikale.

Jana ilikuwa Alhamisi yake ya mwisho, nami niliingia nikakaa nyuma. Alitakiwa awaeleze wale watoto kwamba basi. Alisimama mbele ya kamera, wakasimama, wakainamisha macho, wakangoja. Akashindwa. Aliwauliza habari za mitihani, na walipomuaga kwamba wataonana wiki ijayo, akaitikia haya. Kisha akazifunika kompyuta moja moja. Picha ya yule mama alijaribu kuibandua, ikaanza kuchanika, akaiacha. Iliniuma kumtazama.

Mzee Waya, tunakushukuru kwa mikono yako na subira yako, na kwa kosa lile ulilokubali kulirekebisha. Tunakutakia wewe na mkeo maisha mema, yenye afya na usingizi wa kutosha. Mashuka yake tutayafua tuyarudishe.

Leo asubuhi nimeukuta ufunguo mezani kwangu, bila barua. Alhamisi ijayo, saa nne, wale watoto watafungua kipindi, nami nitakuwepo. Bado sijui nitawaambia nini. Watasimama na kuniinamishia macho mimi, niliyenyoosha mkono.